Kutoa na kurudisha bolti za nguzo ya usukani kwenye vani ya zamani

Ukilala chali chini ya dashibodi ya vani ya zamani na kumulika nguzo ya usukani kwa tochi, mara nyingi utaona bolti mbili za kawaida zenye kichwa cha pembe sita, na pembeni yake vitufe viwili vya chuma vya mviringo, laini, visivyoshikika kwa spana yoyote. Wengi hudhani ni bolti zilizolika vichwa. Hazijalika. Ziliundwa hivyo kiwandani, na ndizo zinazochukua muda mwingi katika kazi hii.

Bolti ya aina hiyo huwa na shingo nyembamba chini ya kichwa. Inapokazwa kufikia nguvu iliyopangwa, kichwa hukatika na kubaki kile kitufe. Lengo ni kumzuia mwizi asiifungue klempu ya loki ya usukani au asiishushe nguzo kwa spana tu. Tuziite bolti za kukatika kichwa. Kumbuka jambo moja kuzihusu, maana ndilo litakalokuokoa saa nzima ya jasho: kwa kuwa shingo hukatika mapema, bolti yenyewe haikukazwa sana. Kinachoishikilia ni kutu, gundi ya nyuzi na miaka iliyopita. Ikishazungushwa robo mzunguko, mara nyingi iliyobaki hutoka kwa vidole.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nguvu. Nguzo nyingi si bomba moja. Mwaka 1967 General Motors ilianza kuweka kwenye magari yake nguzo inayojikunja wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani, na mpango huo ukaenea kwa watengenezaji wengine na kufika kwenye vani. Ndani yake shafti huwa na vipande viwili vinavyoingiliana, vikishikiliwa na vipini vya plastiki, na breketi ya juu hushikwa kupitia kapsuli ndogo ambazo huteleza na kuachia gari likigonga. Vipini hivyo ni dhaifu kwa makusudi. Ukipiga nyundo kuelekea urefu wa nguzo, ukaiegemea ikiwa imefunguliwa, au ukaiachia idondoke, vinakatika bila wewe kuona. Nguzo itarudi mahali pake, lakini usukani utakuwa unacheza kwenda mbele na nyuma. Kwa hiyo kila pigo katika kazi hii lielekee pembeni, kuzunguka bolti, na kamwe lisielekee kwenye mhimili wa nguzo.

Kabla ya kugusa bolti

Egesha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa. Kaza breki ya mkono na uweke vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, kwa sababu kwenye vani zenye gia ya usukani (mpini wa gia uko kwenye nguzo ya usukani) utaachanisha fimbo za gia na gari linaweza kujiendea. Toa waya hasi wa betri. Kama usukani una mfuko wa hewa, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Usipokuwa nacho, dakika kumi zinatosha kwa umeme uliobaki kwenye kapasita kuisha. Usipime waya za mfuko huo kwa taa ya majaribio wala kwa mita, na ukiutoa mfuko, ulaze uso ukitazama juu.

Funga usukani kwa loki yake ukiwa umenyooka, au ufunge kwa mkanda wa kiti. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa hili si hiari. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringisha, wenye mizunguko michache tu kila upande. Ukishaachanisha shafti ya chini, usukani unazunguka bila kikomo, na utepe huo hukatika. Honi hunyamaza na taa ya mfuko wa hewa hubaki inawaka.

Vifaa vya kuandaa: soketi za milimita 10, 13 na 17 pamoja na ekstensheni ndefu, tindo ndogo yenye makali, senta panchi, nyundo ya gramu 300 hadi 500, vaisi gripu yenye mdomo mwembamba, biti za drili za milimita 3, 5 na 6.8, mafuta ya kupenya kutu, rangi nyeupe au kalamu ya rangi, na spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, inayosoma kuanzia Newton mita 5 au 10. Nyundo kubwa iache mbali. Pigo jepesi lenye makali hufanya kazi kuliko pigo zito butu, na kwenye nafasi finyu chini ya dashibodi nyundo kubwa huishia kuvunja swichi.

Bolti mpya nunua kabla ya kuanza, si baada ya hapo. Vani ikilala uani bila usukani kwa wiki nzima, kishawishi cha kufunga bolti yoyote iliyopo kinakuwa kikubwa.

Kuishusha nguzo

Toa plastiki zinazofunika nguzo na kibao cha chini ya dashibodi. Piga picha za plagi zote kabla ya kuzichomoa: swichi ya funguo, indiketa, waipa, honi. Kwenye vani zenye umri mkubwa plagi zinafanana na plastiki yake imekauka, kwa hiyo bonyeza kilimi chake na uvute plagi yenyewe badala ya waya.

Shuka kwenye jointi ya krosi, yaani kiungo kinachounganisha shafti ya nguzo na shafti ya chini. Kabla ya kufungua, piga mstari wa rangi unaovuka jointi na shafti kwa pamoja. Shafti ina splaini nyembamba, yaani meno marefu yanayoingia kwenye jointi, na ukirudisha jino moja pembeni usukani utakaa upande. Bolti ya jointi hii lazima itoke yote. Kuilegeza hakutoshi, kwa sababu mwili wake hupita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti. Anayeilegeza tu kisha akaanza kuvuta na kugonga anapigana na bolti yenyewe, na vipini vya plastiki ndivyo vinavyoumia. Jointi ikiwa imegandana baada ya bolti kutoka, tia mafuta ya kupenya, ngoja, kisha fungua mwanya wake kidogo kwa bisibisi pana. Iteleze juu au chini kwa mkono.

Fungua bolti za bamba la sakafuni na usogeze mpira wa kuzuia vumbi. Hapa kutu ndiyo mbaya kuliko mahali pengine pote, kwani maji ya viatu na ya matope hukutana. Bolti za milimita 6 za bamba hilo hukatika kirahisi. Zipake mafuta ya kupenya siku moja kabla, na unapozifungua peleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, badala ya kulazimisha upande mmoja.

Breketi ya juu iwe ya mwisho. Weka mto au boksi juu ya kiti ili nguzo ipumzike hapo, au mwite mtu aishikilie. Kama kuna visahani vyembamba kati ya breketi na mwili wa gari, andika kila kimoja kilikaa wapi na ngapi. Ndivyo vinavyopanga pembe ya nguzo.

Bolti zisizo na kichwa

Jaribu njia hizi kwa mpangilio. Kila moja inaharibu zaidi ya iliyotangulia.

Ya kwanza ni tindo. Safisha kitufe kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kupenya, subiri angalau robo saa. Weka ncha ya tindo karibu na ukingo wa kitufe, ikisimama wima, na upige ili ikate pengo dogo. Kisha ilaze tindo ielekee upande wa kufungulia, yaani kinyume na mwendo wa saa ukiitazama bolti kwa mbele, na upige mapigo mafupi ya haraka. Ukingoni ndipo penye nguvu ya kuzungusha. Ukipiga katikati ya kitufe unaisukuma bolti ndani na kuikaza. Ikisogea hata kidogo, endelea kwa tindo mpaka kitufe kiinuke cha kutosha kushikwa na vaisi gripu. Bolti nyingi huishia hapa, hasa ukiwa na uvumilivu wa kuongeza mafuta na kurudi baada ya muda.

Ya pili ni mfereji. Kitufe kikiwa kimechomoza vya kutosha, unaweza kukata mfereji katikati yake kwa kisahani chembamba cha mashine ndogo ya kukatia, kisha ukatumia bisibisi pana ya kugongwa. Funika waya zote kwa kitambaa kilicholowa na uondoe vumbi la chuma baadaye, maana likiingia kwenye swichi ya funguo huleta shoti.

Ya tatu ni drili. Hapa ndipo kazi inapoharibika mara nyingi, kwa hiyo usikimbilie. Kitufe kina umbo la kuba, biti inateleza. Na klempu ya loki au breketi mara nyingi ni ya aluminiamu au aloi nyingine laini, hivyo biti ikishateleza hukimbilia huko na kula nyuzi. Isawazishe kwanza sehemu ya juu ya kitufe kwa tupa mpaka iwe bapa, piga alama katikati kwa senta panchi, ikague kwa kioo kidogo, na ikiwa haiko katikati isogeze kwa kupiga tena kwa mshazari. Anza na biti ya milimita 3 kwa mwendo wa polepole na tone la mafuta. Tundu likishanyooka, nenda 5. Ukipata biti inayokata kinyume, itumie, kwani mara nyingi bolti hujifungua yenyewe wakati unaitoboa.

Kutoka hapo una chaguo mbili. Unaweza kuingiza ekstrakta (kifaa cha kung'oa bolti iliyokatika) kwenye tundu la milimita 5 na kuizungusha taratibu kwa mpini wa tapu, kifaa cha kukatia nyuzi. Ekstrakta ni chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani ya bolti, biti ya kawaida haitaitoboa, na tatizo dogo limekuwa kubwa. Ukihisi inapinda kama springi bila bolti kusogea, acha. Chaguo la pili, ambalo sisi tunalipendelea, ni kupanua tundu hadi kitufe kiachane na mwili wa bolti. Kwa bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, biti ya milimita 8 au 8.5 inatosha, na ishia mara tu kitufe kinapozunguka na biti. Ondoa breketi, na utabaki na kisiki kilichochomoza. Kwa kuwa hakuna tena kinachokivuta, kisiki hicho hutoka kwa vaisi gripu bila ugomvi.

Kuchomelea nati juu ya kitufe kunafanya kazi, na joto lake huvunja kutu vizuri. Lakini kukifanyika ndani ya gari, karibu na waya, plastiki na sponji ya dashibodi, ni hatari. Kufanyike nguzo ikiwa mezani, loki imetolewa swichi yake ya umeme, na mfuko wa hewa ukiwa mbali kabisa.

Kuchagua bolti mpya

Pima ya zamani kwa kalipa na kipimo cha nyuzi. Kipenyo, hatua ya nyuzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata), urefu, na sehemu isiyo na nyuzi. Vani za Ulaya na Japani kwa kawaida hutumia M8 yenye hatua ya 1.25. Vani za Marekani za zamani hutumia inchi, na hapo kuna mtego: bolti ya inchi 5/16 yenye nyuzi 18 ina kipenyo cha milimita 7.94, karibu sawa kabisa na M8, lakini hatua yake ni 1.41. Itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha ikwame, na ukiilazimisha kwa spana utakata nyuzi mpya juu ya za zamani. Vivyo hivyo inchi 3/8 yenye nyuzi 16 na M10 ya hatua 1.5. Bolti yoyote ya usukani inapaswa kuingia kwa vidole hadi karibu mwisho. Isipoingia, simama utafute sababu.

Daraja la ugumu limeandikwa kichwani: 8.8 au 10.9 kwa za milimita. Mistari mitatu kwa daraja la 5 na sita kwa daraja la 8 kwa za inchi. Weka daraja lilelile lililokuwepo. Bolti isiyo na alama yoyote isiingie kwenye usukani.

Urefu nao una maana. Ndefu mno hugota mwisho wa tundu kabla ya kubana, ukadhani imekaza, kumbe breketi inaelea. Fupi mno hushika nyuzi chache. Kwenye chuma, sehemu inayoshika nyuzi iwe na angalau urefu sawa na kipenyo cha bolti, yaani milimita 8 kwa M8. Kwenye aluminiamu mara moja na nusu hadi mbili. Usibadili washa za breketi ya juu kwa washa pana ulizookota, kwani zinaweza kuzikamata kapsuli zisiteleze siku ya ajali.

Bolti ya jointi ya krosi ina sehemu nene isiyo na nyuzi inayokaa kwenye mfereji wa shafti. Ukiweka yenye nyuzi mwili mzima, ncha za nyuzi zitasagika, mchezo utaanza, na mchezo kwenye jointi ya usukani hauishii kwenye kelele. Nati ya kujifunga yenyewe na bolti yenye gundi kavu kwenye nyuzi ni za matumizi ya mara moja.

Je, zile za kukatika kichwa zirudishwe, au zifungwe bolti za kawaida? Rudisha za kukatika. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na gari zima, na bolti ya kawaida kwenye loki humwachia mwizi kazi ya dakika chache.

Kuandaa matundu na kufunga

Safisha nyuzi za matundu kwa tapu, ukiizungusha kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nyuzi zikiwa zimeliwa kwenye aluminiamu, usitie bolti kubwa zaidi kwa kubahatisha. Tumia seti ya springi ya nyuzi ya M8, yaani koili ya waya inayokuwa nyuzi mpya: toboa kwa milimita 8.3, kata kwa tapu ya seti hiyo, na ingiza springi. Ikiwekwa vizuri hushika kuliko nyuzi za awali za aluminiamu. Tundu la bolti iliyotobolewa yote na bado lina nyuzi nzima chini ya mabaki, biti ya 6.8 ndiyo ya M8, 5 ya M6, 8.5 ya M10.

Unaporudisha nguzo, bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Panga hivi: breketi ya juu imelegea, jointi imeingia kwenye splaini kwa kufuata alama ya rangi, bamba la sakafuni limelegea. Mwambie mwenzio azungushe usukani kidogo kushoto na kulia ili nguzo ijitafutie mstari wake, kisha kaza ya juu, halafu ya sakafuni, na mwisho bolti ya jointi. Ukianza kukaza sakafuni, nguzo hujipinda, beringi ya chini hubanwa, na usukani unakuwa mzito au haurudi wenyewe baada ya kona. Dalili hiyo watu huilaumu kwenye stelingi boksi (sanduku la gia linalogeuza magurudumu), wakaifungua bure.

Kwa nguvu ya kukaza fuata kitabu cha gari. Ukikikosa, kwa bolti za 8.8 kwenye nyuzi za chuma, M6 hupokea takriban Newton mita 10, M8 25, na M10 karibu 50. Kwenye aluminiamu shuka, M8 ikae 18 hadi 20. Hizi ni za breketi na bamba. Bolti ya jointi tafuta kipimo chake halisi. Tia gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati pale ilipokuwepo, tone moja, kwenye nyuzi kavu zisizo na mafuta.

Zile za kukatika kichwa zikaze kwanza kiasi cha kushika tu, usizikate. Rudisha betri na ujaribu kila kitu: funguo inageuka katika hatua zote, loki inaingia na kutoka bila kusugua, usukani unazunguka kutoka kona hadi kona, indiketa inarudi, gia ya usukani inaingia zote. Loki ikisugua, legeza klempu na uisogeze kidogo hadi pini yake ilingane na tundu kwenye nguzo. Hili si dogo, kwa sababu pini isiyokaa sawa inaweza kugusa shafti wakati gari linakwenda. Ukisharidhika ndipo ukaze kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule, mpaka kichwa cha kwanza kikatike na cha pili kifuate. Tumia spana iliyonyooka vizuri juu ya kichwa. Ukiivuta kwa mshazari, shingo hukatika kabla ya klempu kubana.

Kupima

Usukani ukikaa upande ilhali magurudumu yamenyooka, rudi kwenye jointi, umekosea jino la splaini. Usiurekebishe kwa kuutoa usukani na kuuhamisha. Utakuwa umepoteza katikati ya utepe wa mfuko wa hewa, ya kirudisha indiketa na ya stelingi boksi kwa pamoja.

Shika usukani kwa mikono miwili uutikise juu na chini, kisha uvute na kuusukuma. Ukicheza juu na chini huku bolti za breketi zikiwa zimekaza, na nguzo ni ile ya kuinamisha, kosa liko ndani yake. Nguzo za kuinamisha za vani za General Motors zina bolti nne ndani ya kichwa cha nguzo, chini ya usukani, swichi na bamba la loki, ambazo hulegea kwa miaka mingi ya dereva kujivutia usukani anapopanda. Zinahitaji soketi ya nyota ya kike, saizi E8. Kuzifikia ni kazi nyingine, yenye kibano cha bamba la loki na kivutio cha pini za bawaba, lakini angalau umejua kwamba kukaza zaidi zile za chini ya dashibodi hakutasaidia.

Endesha kwanza mahali pasipo na magari, polepole, ukikata kona pande zote mbili na kufunga breki kwa ghafla mara kadhaa. Sikiliza kugonga kwa chini karibu na kanyagio. Baada ya kilomita mia hivi, weka spana ya toki tena kwenye bolti za breketi na za bamba la sakafuni, kwa kipimo kilekile. Zenye gundi ziangalie kwa macho tu: piga mstari mdogo wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi siku unapozifunga, na mstari ukiwa bado haujakatika, bolti haijasogea.